Ini la Mtani

Watu wa kwetu wakisikia fulani anaumwa ini, kwanza wanatazama kama mikono yake inatetemeka, halafu wanauliza anakunywa kilabu gani. Mimi, Lediana Kikoti, sijawahi kumeza ulanzi, pombe yetu ya mianzi, hata wa kuonja. Mdomo wangu ndio jembe langu. Ni mwonjaji wa chai katika kiwanda cha Ilonde, huku juu Mufindi kwenye ukungu, na mwonjaji mlevi hana kazi. Siku hizi mashine zinachuma, mashine zinanyausha, na ipo hata mashine yenye pua inayonusa kuliko paka mwenye njaa, lakini sheria ya chai bado inataka mdomo wa binadamu useme neno la mwisho. Basi macho yangu yalipoanza kugeuka rangi ya bizari, majirani wakanong'ona kwamba mwonja chai anaonja na vingine. Niliumia, kisha nikazoea, kisha nikaanza kuwajibu kwamba ndiyo, naonja, leteni.

Ugonjwa wangu hauletwi na chupa, wala kirusi, wala jicho la mtu. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Changu kilikuwa ndani zaidi ya nguo. Askari wa mwili wangu, wale wanaotakiwa kupigana na vijidudu, siku moja walilitazama ini langu wakaliona mgeni. Kwa nini, madaktari wanajibu kwa maneno mengi ambayo ukiyakamua yanabaki "hatujui". Askari wakalishambulia, nalo ini likawa linaziba majeraha yake kwa kovu, na kovu jingine juu ya kovu. Kwa miaka nilimeza vidonge vya kuwatuliza. Sivisemi vibaya, maana ndivyo vilivyonifikisha hapa. Lakini vilinivimbisha mashavu, vikanila mifupa, na mwishowe askari wakavizoea kama mlinzi anavyozoea kelele za kiwanda.

Ndipo ikaja tiba ya upatanisho. Daktari Tumpe Mwaisumo, binti wa Rungwe, mdogo kwa umri na mkubwa kwa ukali, aliniandikisha kituoni kwake kabla sijapata nafasi ya kukataa.

"Mama, katika damu yako bado kuna seli chache zenye akili timamu," aliniambia. "Kazi yao ni kuwaambia askari waache. Ni chache mno, wanazizidi kelele. Tutazitoa, tutazizidisha maabara, kisha tutazipeleka zikalelewe."

"Zilelewe wapi?"

"Kwenye mwili wa mtu mwingine. Mtoto hajifunzi amani katika nyumba ya ugomvi."

Kile kinachozilea wanakiita mbeleko. Ni mkanda laini, mpana kama kiganja, unaofungwa chini ya mbavu za kulia pale ini lilipo. Ukihisi joto la mwili unaamka, unatoa vijimizizi vyembamba kuliko unywele, navyo vinaingia kwenye ngozi kutafuta damu. Kwa wiki nzima seli zako zinakaa humo zikisikiliza jinsi ini lenye amani linavyoishi na askari wake. Anayevaa anaitwa mlezi. Wangu alikuwa mdogo wangu Anjelita wa Makambako, aliyepimwa akafaa, akatamka ridhaa yake kwa sauti mbele ya daktari na shahidi kama sheria inavyotaka.

Seli zenyewe hazikuwa za kurudia. Daktari alinitolea karibu zote nilizokuwa nazo, na kuzisubiri zijijaze tena kungechukua muda ambao ini langu halikuwa nao. Alinieleza hilo akinitazama usoni, nami nikamshukuru kwa kutotazama ukutani.

*

Asubuhi nilipokabidhiwa mbeleko, ilikuwa imelala ndani ya kasha lake la baridi. Anjelita alitarajiwa kufika jioni. Mtu mwenye busara angekwenda nyumbani akakaa nalo mapajani. Lakini msimu wa mvua za kwanza ulikuwa umeleta chai ambayo nilikuwa naisubiri mwaka mzima, na mimi siwezi kukaa nyumbani kukiwa na chai ya namna hiyo. Nikaenda kazini, nikaliweka kasha kwenye meza ya kuonjea, nikapanga vikombe.

Longino Gama akaingia.

Longino ni msimamizi wa matanuri ya kukaushia majani. Ni Mngoni, na mimi Mhehe, na asiyejua maana yake nimweleze kidogo. Babu zao na babu zetu walipigana mpaka wakachoka, na walipochoka wakakubaliana kwamba kuanzia hapo watatukanana tu. Mtani wako anakuita jina lolote, anachukua chochote chako, analala chini mlangoni mwako msibani akidai kwamba marehemu alikuwa na deni lake. Na wewe huruhusiwi kununa. Anayenuna ndiye mjinga. Mimi na Longino tulikuwa tumetaniana zaidi ya miaka ishirini, kila siku ya kazi, na sikumbuki kama kuna siku tuliwahi kusalimiana kama watu.

"Kamwene, mla mbwa," alisema, akinisalimia kwa Kihehe changu mwenyewe.

"Afadhali mbwa ana mkia wa heshima. Wewe unakula panya na mkia wake."

Wanawake wachambuaji wa majani wakaanza kucheka. Wakamwachia nafasi ya kupita, maana wanaipenda michezo yetu kuliko redio. Longino akaliona kasha.

"Hiki nini? Mahari yako imefika hatimaye?"

"Chukua," nikasema. "Wizi ndio uliowaleta huku."

Nilidhani atafanya kama siku zote: atalificha nyuma ya tanuri, na jioni nitalikomboa kwa kuku au kwa kumsifia ukoo wake hadharani. Nikageukia vikombe vyangu. Nikafyonza kijiko cha kwanza kwa kishindo, kama kazi yetu inavyotaka, chai ikaenea mdomoni, na nilipoinua macho Longino alikuwa amefungua kasha, amepandisha ovaroli, na amejifunga mbeleko tumboni. Anacheza kama mama anayebembeleza mtoto. Wanawake walikuwa hoi.

Nami nina chai mdomoni, siwezi kusema.

Longino akaacha kucheza. "Mhehe," alisema, akishika ubavu. "Kitu chako kinaning'ata."

Nikaitema chai sakafuni. Tangu nianze kazi sikuwahi kutema nje ya beseni.

*

Daktari Tumpe alikuja mbio na vipimo vyake, akamkuta Longino amekaa juu ya gunia la majani, hathubutu kupumua kwa nguvu. Alikuwa ameshaelewa kwamba hii haikuwa mahari. Mimi nilikuwa nimesimama karibu yake.

"Mzaha mzaha hutumbuka usaha," daktari alisema, na hakucheka. Akapitisha kipimo juu ya mbeleko, kisha juu ya ini la Longino, kisha akarudia. Akakunja uso.

"Unakunywa?"

"Ulanzi. Wakati wa ulanzi."

"Kiasi gani?"

Longino akanitazama mimi, kama vile mimi ndiye mwenye kilabu. "Kiasi cha Mngoni," alisema.

"Una ini la mtoto wa shule ya msingi," daktari alisema kwa uchungu, na mimi nikahisi uchungu ule ule mara mbili. "Seli zimekwisha kukukubali, zimeanza kusikiliza. Nilitaka ndugu wa damu kwa sababu ndugu hufanana alama za mwilini, ili seli zisije zikamzoea mlezi zikamwona mwenye mwili ndiye mgeni. Sasa nashangaa. Alama zako na za Mama Lediana zinakaribiana kuliko nilivyotegemea."

"Mliwateka bibi zetu," nikasema. Sauti ilinitoka yenyewe. "Hakuna cha kushangaa."

"Basi tunawarudishia," Longino akajibu, na kwa muda kidogo tukasahau hofu.

Daktari hakusahau. Akavuta gunia jingine akakaa mbele yetu, akaeleza. Mbeleko ikivuliwa sasa, Longino atabaki na vipele tu, lakini seli zitakufa. Mpaka kesho saa sita mchana bado inaweza kuvuliwa salama. Baada ya hapo vijimizizi vinashika sana na kuvivuta ni kumjeruhi. Tena kuna jambo jingine. Mazungumzo hayana upande mmoja. Seli zinasikiliza mwili wa mlezi, na mwili wa mlezi nao unazisikia. Kwa walezi wachache, wachache sana, mwili umejifunza ugomvi badala ya kufundisha amani, na mlezi akaugua ugonjwa ule ule.

"Kwa hiyo," alisema, "sheria inanitaka niivue. Mlezi ni mtu aliyeridhia kabla ya kuvaa. Wewe hukuridhia. Ulikuwa unacheza."

"Naridhia sasa," Longino alisema haraka.

"Hapana. Hiyo siihesabu."

"Kwa nini? Nimesema kwa sauti. Mashahidi hawa hapa, chumba kizima."

"Ndiyo maana siihesabu. Ukisema hapana sasa, mbele ya chumba kizima, wewe ni mtu aliyemwibia mgonjwa dawa yake akaiua. Nani atakubali kuwa mtu huyo? Jana kama ningekuja kwako nikakuomba, ungeweza kunikatalia na kuendelea na kazi. Leo huwezi. Ndiyo ya mtu asiyeweza kusema hapana ni kama saini ya mtu aliyeshikwa mkono."

Longino akaifunika mbeleko kwa kiganja. 

"Nifanye nini basi ujue kwamba nataka?"

"Sijui," Daktari Tumpe alisema, akaufunga mkoba wake. Nilimpenda kwa jibu lile. "Nitarudi kesho kabla ya saa sita. Nikiona kwamba kukataa kwako kuliwezekana, nitaiamini ndiyo yako. Nisipoona, nitaivua. Mama, nisamehe."

Usinywe, alimwambia Longino akitoka. Usigombane na mtu. Na mkanda huo ni wa mtu, usiuchezee.

*

Anjelita alipofika jioni alilia, kisha akacheka, kisha akanigombeza kwa hayo yote mawili. "Umekaa na watani wako mpaka wamekuvaa!" alisema. Nikamwacha apike. Mimi nilikuwa nafikiria jambo moja tu. Mtu pekee anayeweza kumfungulia Longino mlango wa kukataa ni mimi. Nikimwambia, "Vua, sitakulaumu," na akaamini, basi yuko huru, na daktari ataona. Ni maneno mawili tu. Lakini mtani wangu ataniaminije? Kwa miaka ishirini kila nilichomwambia kilikuwa uongo kwa makubaliano. Nilipomwambia amependeza, alijua suruali imechanika. Nilipomwambia karibu chakula, alijua hakuna.

Asubuhi nilimkuta kwenye matanuri. Amekaa kwenye kigoda, ovaroli imefunguliwa mpaka kiunoni, mbeleko imetulia ubavuni mwake, ina joto na inapumua taratibu. Wenzake walikuwa wamempisha.

"Umekuja kumwona mtoto?" aliuliza. "Amefanana na mimi. Pole."

"Longino," nikasema.

Akashtuka hata kigoda kikalia. "Nani amekufa?"

"Hajafa mtu."

"Basi usiniite jina. Unanitisha."

"Longino, nimekuja kukwambia kwamba ukitaka kuvua, vua. Sitakulaumu. Wala sitamwambia mtu akulaumu."

Akaachia kicheko chake kile kirefu. "Mhehe akikwambia chukua, ficha mkono! Jana uliniambia chukua, tazama yaliyonipata."

Ndivyo nilivyoogopa. Neno langu lilikuwa halina uzito kwake hata wa jani la chai. Nikatafuta kigoda kingine, nikakaa karibu naye mpaka magoti yetu yakagusana, na nikaamua kumwambia kitu ambacho mtu hamwambii mtani wake.

"Naogopa kufa," nikasema. "Nimezoea kuwaambia watu siogopi. Naogopa. Nikiamka nalitazama jicho langu kwenye kioo kabla sijamtazama mtu yeyote. Nataka kuishi, Longino, naipenda kazi yangu, namkera mdogo wangu na yeye ananikera, bado nataka hivyo. Lakini sitaki kuishi ndani ya aibu yako. Nikipona kwa sababu uliona haya kukataa, kila nikikuona nitakumbuka kwamba nilikuteka. Tutashindwa kutaniana. Nitakuwa nakuheshimu."

Hakucheka. Aligeukia mlango wa tanuri.

"Edeltruda hakulala," alisema. Edeltruda ni mke wake. "Na mimi sikulala. Mama yangu kule Songea bado yuko hai, bado ananiagiza sukari kana kwamba maduka ya kule hayapo. Nikiugua mimi kama wewe... Nimekuona wewe, Mhehe. Nimekuona ukishika ukuta ukidhani hakuna anayekutazama." Akanigeukia. "Unataka ukweli?"

"Ukweli."

"Nataka kuvua."

Nitasema lililonipata, kwa kuwa niliomba ukweli, nawe msomaji unastahili ukweli pia. Nilimchukia. Ilikuwa chuki ya pumzi moja, lakini ilikuwa kamili, haina utani ndani yake. Kisha ikapita, na chini yake nikakuta kitu kinachofanana na faraja, kwa sababu hatimaye tulikuwa tumeambiana neno la kweli.

"Haya," nikasema. "Nitamwita daktari."

*

Daktari Tumpe alikuwa tayari njiani. Akasikiliza, akaitikia kwa kichwa, akavaa glavu, na akaniita nipige magoti mbele ya Longino. Seli ni zangu, alisema. Kwa sheria mkono wa kuzitupa ni wangu, yeye atasimamia tu. Mbeleko ina vifungo viwili. Kifungo cha kwanza kinailegeza, cha pili kinakata vijimizizi.

Nilipiga magoti kwenye sakafu ya joto. Nikabonyeza cha kwanza. Mkanda ukalegea kidogo kwenye ubavu wa Longino, na mahali ulipokuwa umebana pakabaki alama nyekundu. Vidole vyangu vikahamia cha pili. Nilikuwa nalia na sikujali anayeona, machozi yananidondoka kwenye tumbo la Mngoni, na nikaanza kukibonyeza taratibu kama nilivyoelekezwa, maana ukikibonyeza kwa pupa kinauma.

Longino hakuwa ananitazama usoni. Alikuwa anavitazama vidole.

"Hutanii," alisema.

"Sitanii."

Mkono wake ukafunika wangu. Ulikuwa mkono wa matanuri, mgumu na mkavu. "Acha," alisema. "Acha kwanza."

"Longino, umesema unataka kuvua."

"Nilisema. Na nilikuwa nasema kweli. Nilitaka kujua kama kuna mlango. Tangu jana nimekaa na kitu hiki kama mateka, nakichukia, nakuchukia na wewe kidogo, samahani. Sasa nimeuona mlango, na nimekuona wewe unaufungua kwa mkono wako." Akavuta pumzi. "Nyumba yenye mlango mtu anaweza kukaa."

"Bado unaogopa?" daktari aliuliza.

"Sana."

"Unaweza kuvua?"

"Naweza. Ameshafungua nusu."

"Unataka kuvua?"

Alifikiri. Alifikiri kwa urefu ambao ulianza kunikera, na nilipoanza kukereka nilijua kwamba nimepona chuki yangu. Daktari hakumharakisha. Tanuri la pili likalia kuomba majani, hakuna aliyelisogelea.

"Sitaki," Longino alisema.

Daktari Tumpe akavua glavu moja, akajifuta jicho kwa kiganja, akajifanya ni jasho. "Hakuna ridhaa iliyo safi kama maji ya chemchemi," alisema. "Lakini hii naihesabu." Akakirudisha kifungo cha kwanza mahali pake.

*

Wiki ile ya malezi ilikuwa wiki ya furaha kiwandani Ilonde, na mwenye furaha zaidi alikuwa mlezi mwenyewe. Alitembea kifua mbele, mkono kiunoni, akisema anaumwa mgongo. Alikataa ugali akidai mtoto hapendi. Wachambuaji wakamtungia wimbo, naye akausahihisha. Anjelita, aliyekuwa amejiandaa kulea na sasa hana cha kulea, akahamia jikoni kwa Edeltruda, na wawili wale wakawa marafiki kwa njia ya kutusema mimi na Longino mchana kutwa.

Ulanzi ulikuwa umeanza kutoka kwenye mianzi, mtamu wa siku ya kwanza. Longino aliupita kilabuni ameziba pua. Hilo nililiona mwenyewe, na moyo wangu ukajaa.

Kitu kimoja kilimtatiza daktari. Alikuwa amekataza ugomvi, kwa sababu hasira hutia sumu ya aina yake kwenye damu na seli zinaisikia. Kwa hiyo kwanza tulijitahidi kuongea vizuri. Tukaulizana habari za nyumbani. Tukatakiana mchana mwema. Ilikuwa taabu kubwa, na kipimo cha sumu hiyo kwenye mbeleko kikawa kinapanda. Siku ya tatu Longino akashindwa, akaniambia kichwa changu kinafanana na kiazi kilichosahaulika shambani. Nikamjibu ipasavyo. Daktari Tumpe, aliyekuwa anatazama kipimo, akainua mkono.

"Endeleeni," alisema.

"Na nini?"

"Na hayo matusi. Kipimo kinashuka."

Akakaa na sisi karibu saa nzima, akisikiliza ukoo wangu na ukoo wake ukitiwa matope, akiandika namba, na mara kwa mara akicheka kwa kujiiba kama mtu aliye kanisani. Alituambia baadaye kwamba askari wa mwili hawajui maana ya maneno. Wanajua tu kama mwenye mwili yuko salama.

Mbeleko ilipomaliza kazi yake ilijiachia yenyewe, kama tunda bivu. Damu ya Longino ikapimwa mara mbili kwa siku mbili tofauti. Hakuwa amejifunza ugomvi wowote. Nilipoambiwa hivyo nilikaa chini palepale kwenye ukumbi wa kituo na kumshukuru Mungu kwa ini la mtu mwingine kabla ya langu.

*

Kilichobaki kilikuwa changu. Seli zikaingizwa kwenye mshipa wangu kwa dripu ndogo, nyeupe kidogo kama maji yaliyooshewa mchele. Kama zitalikumbuka ini la Longino na kuliona langu geni, daktari alisema, homa itapanda na ubavu utawaka, na hapo hatutakuwa na kitu kingine mkononi. Kama zitalitambua, sitasikia chochote. Ni jambo gumu kusubiri kutosikia chochote. Kila kuwashwa nilikuita homa.

Siku ya kwanza ikapita. Ya pili nilikula. Siku ya tatu, jua likiwa limeuvua ukungu na milima yote ya chai imewaka kijani dirishani, Daktari Tumpe akaingia na majibu. Longino alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni tangu asubuhi, kofia mkononi. Alisema amekuja kudai mkanda wake.

"Vimeng'enya vya ini vimeshuka," daktari alisema. "Vimeshuka zaidi ya nusu, bila kidonge hata kimoja. Nimeangalia ini lenyewe kwa kipimo. Askari wanarudi nyuma. Kovu la zamani halitaondoka lote, Mama, nisikudanganye. Lakini hakuna anayelipiga tena. Zimelitambua."

Sikulia. Nilidhani nitalia. Nilisikia tu utulivu mkubwa ukishuka upande wangu wa kulia, ambao pengine haukuwa ini bali ni mimi, na nikageuka kumtazama mtani wangu, nikisubiri atakachosema. Niliona kabisa kwamba anakitafuta. Kwamba sasa nina tabia za Kingoni, kwamba nitaanza kuiba ng'ombe, kwamba ini lake limeolewa ugenini bila mahari. Yalikuwa mengi na yote yalikuwa rahisi. Alifungua mdomo.  Akaiweka kofia usoni, na bega lake moja likaanza kupanda na kushuka, na mtu yule ambaye kwa miaka ishirini hakuwahi kukosa neno akawa hana hata moja.

Daktari akatutazama, akatoka taratibu, akavuta mlango bila kuufunga.

Nilitaka kumwambia asante.  Lakini nilijua nikimwambia asante nitammaliza kabisa, na nilijua pia kwamba kuna mtu mmoja tu duniani mwenye haki ya kumsaidia wakati ule. Basi nikajiinua kwenye mto na nikaanza. Nikaanza na babu yake wa kwanza aliyekuja huku akikimbia kivuli chake mwenyewe. Nikaenda kwa mwanawe aliyeoa Mhehe ili apate mtu wa kumfundisha kulima. Nikapita kwa shangazi, kwa wajomba, kwa bibi aliyekuwa anapika panya akiwaambia wageni ni kuku wa kizungu. Sikumruka hata mmoja. Niliwatukana akina Gama wote, waliokufa na waliobaki, polepole na kwa moyo wangu wote, mpaka kofia ikashuka na Longino akacheka.